Shairi Moja, Midomo Miwili: Jinsi ya Kujenga Ufasaha wa Kusoma kwa Ushairi wa Wawili Wawili

Kuna mtoto anayezijua herufi zote na silabi zote, na bado ukimsikiliza akisoma unatamani kumpokonya kitabu umsomee. "Wa-na-fu-nzi wa-li-ka-a chi-ni ya m-ti." Hakuna silabi aliyokosea. Kila moja imetoka na uzito uleule wa jirani yake, kama mtu anayehesabu mawe. Muulize wanafunzi walikaa wapi, utamwona anarudi kwenye mstari na kidole kutafuta jibu. Hajasahau. Hakuwahi kulisikia, maana nguvu zote zimeishia kwenye kutamka.

Katika njia zote nilizojaribu kwa mtoto wa namna hii, iliyonipa matunda mapema ni kumpa shairi fupi alisome na mwenzake mbele ya watu. Si kuliimba, wala kulikariri. Kulisoma, karatasi ikiwa mkononi. Kazi nzima inachukua wiki moja, dakika 15 kwa siku, na haihitaji chochote zaidi ya karatasi na penseli.

Kwa nini shairi, na kwa nini wawili

Mwaka 1974, watafiti wawili wa Marekani, David LaBerge na Jay Samuels, walieleza jambo ambalo kila mwalimu wa kusoma ameliona kwa macho: umakini wa msomaji una mpaka. Ukitumika wote katika kutambua maneno, hakuna unaobaki wa kuelewa. Maneno yanapoanza kutambulika yenyewe, bila kuhangaikiwa, ndipo akili inapata nafasi ya kusikia kinachosemwa. Mwaka 1979 Samuels akaandika kuhusu dawa yake: msomaji apewe matini fupi aisome tena na tena mpaka itiririke, kisha apewe nyingine. Na mwaka 2000 jopo la kitaifa lililopitia tafiti za kusoma nchini humo likakubali kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, mwalimu au mwenza akiongoza, kunasaidia utambuzi wa maneno, ufasaha na ufahamu.

Dawa hiyo ina uchungu wake. Mwambie mtoto "soma tena" mara ya kwanza, atasoma. Mara ya pili atakuuliza amekosea nini. Mara ya tatu ameshakasirika, na ana haki. Lakini mwambie kwamba Ijumaa yeye na mwenzake watasoma mbele ya darasa, na kwamba mistari fulani lazima waitoe kwa pamoja kama mtu mmoja, utawakuta wakati wa mapumziko wanaisoma mara ya kumi bila kuambiwa. Anayejiandaa kwa onyesho haulizi kwa nini anarudia.

Hesabu nayo inasema. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akisoma kwa zamu ndani ya dakika 15, anapata sekunde 22, na muda uliobaki anaangalia dirishani. Wakikaa wawili wawili, kila mmoja ana dakika saba na nusu za mdomo wake mwenyewe. Nazo zile dakika za mwenzake hazipotei, maana ili aingie kwenye zamu yake kwa wakati inabidi macho yake yafuate mistari ya mwenzake neno kwa neno. Anasoma nusu kwa sauti na nusu kimyakimya. Hili la pili ndilo lililonifanya niipende njia hii.

Hatua ya kwanza: chagua shairi linalosomeka

Mishororo 10 hadi 20 inatosha. Chukua maneno ishirini ya mwanzo umpe mwanafunzi wa kiwango cha kati ayasome bila maandalizi. Akikwama kwenye neno moja au mawili, shairi linafaa. Akikwama kwenye manne, liweke kando hata kama ni zuri kiasi gani, kwa sababu wiki itaishia kwenye kufundisha maneno.

Tafuta shairi lenye watu wawili ndani yake: wanaobishana, wanaoulizana, wanaosimulia kitu kimoja kwa macho tofauti. Ushairi wa Kiswahili umejaliwa hapa. Ngonjera ni majibizano tangu mwanzo, na malumbano hali kadhalika. Hata shairi la mtu mmoja lenye kibwagizo linagawanyika: mmoja anachukua ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), wa pili utao (nusu ya pili), na kibwagizo wanakitoa pamoja.

Ila angalia jambo moja. Mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za kimapokeo za vina na mizani, yamejaa inkisari (kufupisha neno) na tabdila (kubadili umbo la neno). Mshairi anaandika "mekuja" badala ya "nimekuja" ili mizani, yaani hesabu ya silabi, itimie, au anakata "wewe" ibaki "we". Mtu mzima anaelewa mara moja. Mtoto anayejifunza kutambua maneno kwa umbo lake anafika kwenye "mekuja" na kusimama kama aliyekuta mlango umefungwa. Kwa wanaoanza, tumia shairi huru lenye lugha ya kila siku. Arudhi waipate wakishachangamka.

Usitumie shairi wanalolijua kwa kichwa. Mtoto akiwa ameshaliweka kichwani, karatasi inakuwa pambo tu.

Hili hapa ni la kuanzia, nililitunga kwa ajili ya wasomaji wachanga:

VIATU VIWILI

KULIA: Mimi natangulia.
KUSHOTO: Mimi nafuata.
WOTE: Hatua.
KULIA: Mimi nakanyaga tope.
KUSHOTO: Mimi naruka tope.
WOTE: Tope linaturukia wote wawili.
KULIA: Wewe umechelewa.
KUSHOTO: Wewe una haraka.
KULIA: Ningekuwa peke yangu, ningefika zamani!
KUSHOTO: Ungekuwa peke yako, ungekuwa bado mlangoni.
(kimya)
WOTE: Haya, twende.

Na hili ni la walioendelea, tathnia (mishororo miwili kila ubeti) yenye mizani nane kwa nane:

PENSELI: Kila siku naandika, we kazi yako kufuta,
Mawazo yakishafika, mara waja kuyakata.

KIFUTIO: Makosa yakifutika, ndipo sifa unapata,
Nami leo nikitoka, aibu itafuata.

Hatua ya pili: andaa karatasi

Kila mwanafunzi awe na karatasi yenye shairi lote. Kuna walimu wanaompa kila mtoto sehemu yake pekee ili kuokoa karatasi. Wakifanya hivyo wameua nusu ya zoezi, kwa sababu mtoto hana pa kumfuatilia mwenzake. Anabaki anasubiri kimya kitokee ndipo aingie.

Andika kwa herufi kubwa, mshororo mmoja kwenye mstari wake, na nafasi ya kutosha katikati kwa ajili ya alama utakazowaelekeza kuziweka. Jina la msemaji likae pembeni kushoto. Kama huna mashine ya kunakili, waambie wanafunzi wanakili shairi kutoka ubaoni siku moja kabla; kunakili nako ni kusoma. Wanaonakili huacha herufi, kwa hiyo pita ukague kabla hujaanza, la sivyo utasikia mtu anasoma kosa lake kwa kujiamini wiki nzima.

Hatua ya tatu: wapange

Kumweka msomaji bora kabisa na anayehangaika kabisa ni kishawishi cha kila mwalimu. Usikifuate. Bora anachoka kusubiri, dhaifu anaona haya, na baada ya siku mbili bora anasoma sehemu zote mbili.

Njia niitumiayo ni hii. Andika majina yote kuanzia anayesoma vizuri zaidi hadi anayehitaji msaada zaidi. Kata orodha katikati. Katika darasa la 40, wa kwanza anakaa na wa 21, wa pili na wa 22, hivyohivyo mpaka wa 20 na wa 40. Tofauti inakuwepo, lakini haimdhalilishi mtu. Orodha hiyo isionwe na mwanafunzi yeyote. Kisha tumia akili yako: wako wawili ambao hawapatani tangu asubuhi, wabadilishe.

Idadi ikiwa witiri, unda kundi moja la watatu, wawili wasome sauti moja kwa pamoja. Mwanafunzi akikosekana siku ya mazoezi, mwenzake anajiunga na jozi nyingine kwa mtindo huohuo.

Hatua ya nne, Jumatatu: wasikie kwanza

Soma wewe. Wao wafuate kwa kidole au kwa macho. Usomaji wako ndio kielelezo pekee walicho nacho cha namna shairi hili linavyotakiwa kusikika, kwa hiyo jiandae. Mwalimu anayesoma shairi kwa mara ya kwanza mbele ya darasa anajulikana.

Kisha lisome vibaya kwa makusudi. Soma silabi kwa silabi, au kwa mbio bila kupumua, au kwa sauti moja iliyonyooka kama waya. Waulize kimeharibika nini. Watacheka, halafu watakwambia wenyewe yale ambayo ungetumia nusu saa kuyaeleza: hujapumzika, hujauliza pale palipo na alama ya kuuliza, umesoma kama umechoka. Waandikie majibu yao ubaoni kwa maneno yao. Huo ndio utakuwa mtihani wao wa Ijumaa.

Malizia kwa kusoma mwangwi: unasoma mshororo, wanarudia. Halafu darasa zima kwa pamoja, upande mmoja wa darasa ukiwa KULIA na wa pili KUSHOTO. Mtoto anayeogopa anajificha ndani ya sauti za wenzake na bado anasoma.

Hatua ya tano, Jumanne: wekeni alama

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Kila jozi ichukue penseli. Mkwaju mmoja (/) ni pumzi fupi, mikwaju miwili (//) ni kituo kirefu, na mstari chini ya neno maana yake neno hilo lisikike kuliko mengine. Wasiandike hovyo, kila alama waikubaliane. Mshororo mmoja unaweza kuonekana hivi (hapa herufi kubwa zinashika nafasi ya mstari wa chini):

Ungekuwa PEKE YAKO, / ungekuwa bado / mlangoni. //

Jozi nyingine itaweka msisitizo kwenye "mlangoni", na zote mbili ziko sawa mradi waweze kukueleza sababu. Nilipata kusikia mabishano ya dakika tano kati ya wasichana wawili kuhusu mkwaju ule kabla ya "mlangoni". Mmoja alisema ukipumzika pale watu wanacheka zaidi, kwa sababu wanasubiri. Mwenzake alisema mapumziko yanafichua mzaha kabla haujafika. Mabishano hayo ni ufahamu mtupu, na hakuna swali la zoezi lingeyazaa.

Kiswahili chenyewe kinakupa vitu vitatu vya kufundishia siku hii.

Cha kwanza ni mkazo. Kwa kawaida tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: "wanafunzi" inapanda kwenye "fu", "natangulia" kwenye "li". Mtoto anayesoma kwa kukatakata hana mkazo hata mmoja, ndiyo maana masikio yake hayatambui neno analolijua vizuri mdomoni. Mwambie alitamke neno zima kama anavyolisema akiwa na wenzake uwanjani, kisha arudi kwenye karatasi. Waonyeshe na neno "barabara". Ukikazia silabi ya tatu ni njia ya kupita. Ukikazia ya pili ni "sawasawa kabisa". Maandishi ni yaleyale. Wakishaona hivyo, wanakubali kwamba msomaji ana kazi ambayo herufi haziwezi kumfanyia.

Cha pili ni kiimbo. Kwetu sentensi haibadiliki ikiwa swali la ndiyo au hapana. Kinachobadilika ni sauti. "Umechelewa." "Umechelewa?" "Umechelewa!" Chukua mshororo wa KULIA, "Wewe umechelewa", uwatake wausome kama lawama, kisha kama utani, kisha kama mtu aliyeshangaa kweli. Halafu KUSHOTO ajibu kwa hasira ileile au utani uleule aliopewa. Ghafla hawasomi tena, wanazungumza, na macho bado yako kwenye karatasi.

Cha tatu ni mizani, kwa watakaosoma arudhi. Waache wahesabu kwa vidole: ki-la-si-ku-na-a-ndi-ka, nane. Wakikuta neno kama "mtu" au "nchi" watabisha, maana "m" na "n" hizo zinahesabiwa mizani kamili: m-tu, n-chi, mbili mbili. Kuhesabu kunawalazimisha kuangalia kila silabi. Lakini wakimaliza kuhesabu waache kuhesabu. Mizani inayosikika kama ngoma wakati wa kusoma imeshameza maana.

Hatua ya sita, Jumatano na Alhamisi: mazoezi na kubadilishana

Jozi zote zinasoma kwa wakati mmoja. Ndiyo, kutakuwa na kelele. Waelekeze wakae ana kwa ana, magoti yakikaribiana, na sauti isivuke mwenza. Siku ya kwanza utadhani uko sokoni. Siku ya pili wanazoea.

Kanuni ya kusahihishana ni moja, na inafaa uiigize mbele yao na mwanafunzi mmoja kabla hawajaanza. Mwenzako akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Akilipata, endeleeni. Asipolipata, mtajie neno, naye arudi mwanzo wa mshororo. Hakuna kucheka, hakuna "si nilikwambia". Kule kurudi mwanzo wa mshororo kuna maana yake: neno lililokwama linasomwa tena likiwa na majirani zake, si pweke.

Jumatano wasome mara tatu wakiwa na sehemu zao. Alhamisi wabadilishane sehemu, wasome mara tatu nyingine. Wengi watalalamika, hasa waliopata sehemu yenye mzaha. Shikilia msimamo. Wakiachwa na sehemu moja wiki nzima, kufikia Alhamisi wameshaikariri na macho yanazurura darasani. Sehemu mpya inayarudisha macho kwenye maandishi, na kwa kuwa walikuwa wakiifuata kimyakimya tangu Jumatatu, haiwatoi jasho. Mwisho wa Alhamisi kila mtoto amelipitia shairi mara kumi au zaidi, na hajui.

Pita katikati yao ukiwa na daftari dogo. Usiwasimamishe. Sikiliza jozi moja kwa dakika moja, andika neno moja au mawili, nenda nyingine.

Neno juu ya mishororo ya WOTE

Jozi nyingi huanza kwa kuhesabiana, "moja, mbili, tatu", au mmoja anampiga mwenzake kiwiko. Inafanya kazi lakini inachekesha watazamaji. Wafundishe kupumua pamoja. Wanainua macho kutoka kwenye karatasi kwa kitambo kidogo, wanatazamana, wanavuta pumzi wakati mmoja, na pumzi hiyo ndiyo ishara. Kisha macho chini, sauti inatoka. Ili aweze kuinua macho, lazima awe ameshasoma maneno mawili matatu ya mbele. Wasomaji stadi wote hufanya hivyo, jicho linatangulia mdomo, na hapa mtoto amejifunza bila kuelezwa.

Sauti zao zikipishana kidogo, usijali. Atakayekuwa mbele daima ndiye mwenye mbio, na mwenzake atamfundisha kuliko wewe.

Hatua ya saba, Ijumaa: onyesho

Usiwapandishe jozi 20 jukwaani na shairi lilelile. Nilifanya hivyo mara moja, na kufikia jozi ya sita darasa zima lilikuwa likisoma kwa pamoja na walio mbele, mwalimu akiwa amelala macho wazi. Kuna njia mbili za kuepuka. Ama gawa mashairi manne au matano tofauti darasani tangu Jumatatu, ama fanya maonyesho madogo: kila jozi inasomea jozi nyingine mbili kwenye kona yake, kisha jozi tatu au nne zinazojitolea ndizo zinazosimama mbele ya wote.

Karatasi ziwe mkononi, usawa wa kifua, si mbele ya uso. Wasimame wakiwa wameelekeana nusu, kama watu wanaozungumza huku wakijua wanasikilizwa. Mavazi, vifaa na mikono inayopepea sivitaki. Mtoto akianza kufikiria mkono wake uko wapi, ameacha kusoma.

Wanaosikiliza nao wana kazi. Warejee yale waliyoyasema Jumatatu, yaliyo ubaoni, na kila kundi litaje mahali pamoja ambapo sauti iliwafanya waelewe kitu. Si "mmesoma vizuri". Wataje mshororo. "Pale uliponyamaza kabla ya 'Haya, twende', nilijua wamepatana." Maoni ya namna hiyo yanamfunza aliyesoma na aliyesema.

Kupima bila kuwatisha

Kipimo cha kawaida ni dakika moja. Mpe mwanafunzi matini ambayo hajawahi kuiona, ya kiwango chake, asome kwa sauti kwa dakika moja. Hesabu maneno aliyosoma, toa aliyokosea. Akisoma 58 na kukosea sita, ana 52. Rudia kila baada ya wiki nne na matini mpya ya ugumu uleule. Usimpime kwa shairi alilolifanyia mazoezi. Utakuwa unapima kumbukumbu.

Tahadhari: usichukue viwango vya maneno kwa dakika vilivyotengenezwa kwa Kiingereza ukavileta kwenye Kiswahili. "Hawatatusubiri" kwetu ni neno moja. Mwenye Kiingereza anatumia matano au sita kusema hivyo. Msomaji wetu mzuri ataonekana mzembe kwenye jedwali la watu wengine. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Na kasi peke yake ni kipimo kilema. Mwaka 1991 Jerry Zutell na Timothy Rasinski walitoa kipimo kinachoangalia namna mtu anavyosoma, na kwa sura yake inayotumika sana sasa kina mambo manne: sauti na hisia, kuyaunganisha maneno katika mafungu yenye maana, ulaini wa usomaji, na mwendo. Kila jambo lina alama moja hadi nne, jumla 16. Nimekipenda kwa sababu kinamwona yule anayesoma maneno mengi kwa dakika na haelewi lolote. Kwenye mafungu anapata moja, na hapo unajua pa kuanzia.

Yanayoharibika, na la kufanya

Kukariri ndiko kunakoharibu zaidi, kwa sababu kunafanana na mafanikio. Ukishuku, mwonyeshe mtoto neno moja katikati ya shairi kwa kidole umwulize ni nini. Aliyekariri ataanza kunong'ona tangu mwanzo mpaka alifikie. Dawa ni kubadilisha sehemu, au kulibadilisha shairi mapema. Hakuna sheria kwamba lazima lifike Ijumaa.

Kughani. Shairi la arudhi likishapata mahadhi, mtoto anapanda farasi hashuki. Kughani ni sanaa yenye heshima yake, ila siku hiyo si siku yake, kwa sababu mahadhi yanaamua pumzi zikae wapi badala ya maana. Mwambie alisome shairi kama barua anayomsomea mtu asiyeona.

Mbio na kelele ni ugonjwa mmoja: woga. Warudishe kwenye mikwaju yao waihesabu.

Mwenye kigugumizi usimwondoe. Watu wengi wenye kigugumizi hupungukiwa na kukwama wanaposoma pamoja na mtu mwingine, kwa hiyo mtafutie shairi lenye mishororo mingi ya WOTE, na kanuni ya kuhesabu mpaka tatu ivunjwe kwa ajili yake: mwenza asubiri anavyohitaji, asimtajie neno analolijua. Muulize mwenyewe faraghani kama anataka kusimama mbele. Akisema hapana, ni hapana, na kona ya jozi tatu inatosha.

Mwenye aibu kupita kiasi asome akiwa amempa darasa mgongo, akimtazama mwenzake tu. Wiki ya pili ageuke nusu. Nilikuwa na mmoja aliyechukua wiki tano kugeuka, na alipogeuka hakuna aliyeshangilia kwa sababu niliwakataza.

Jumatatu inayofuata

Lete shairi jipya, jozi zilezile kwa wiki mbili au tatu, kisha zivunje. Lile la zamani liingie kwenye bahasha ya mwanafunzi. Baada ya mwezi mwambie atoe lolote alisome bila maandalizi. Atakuta alama zake za penseli, nyingine atazifuta na kuweka mpya.

Kufikia shairi la tatu au la nne wataanza kuomba kutunga. Waachie beti mbili tu, za vitu viwili vinavyoishi pamoja na havipatani: mlango na kufuli, kivuli na mwenyewe, jicho la kushoto na la kulia. Kila jozi iandike kwa usafi, iikabidhi jozi nyingine, na wao ndio walisome Ijumaa. Mtunzi akisikia mshororo wake umesomwa vibaya na mwenzake, atakuja mezani kwako kuuliza alama ya mkato inawekwa wapi.